Ziwa Moja, Malalamiko Mawili

Jumamosi moja, miaka michache iliyopita, walinijia ofisini wageni watatu: mama wa makamo, mzee aliyepata kuwa balozi wa nyumba kumi, na kijana mvuvi. Mama alifungua mkoba wake, akatoa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, akaiweka mezani pangu kando ya rundo la karatasi za mtihani. Ndani yake mlikuwa na maji ya rangi ya chai iliyolala, yenye utando wa mafuta juu.

"Mwalimu," akasema, "haya ndiyo yanayopita mlangoni pangu. Usiifungue humu ndani, utashindwa kukaa."

Sikuifungua. Niliwaeleza kwamba mimi si mkemia. Ninafundisha sayansi ya jamii, na sina maabara ya kupimia majitaka. Mzee alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema: "Hilo tunalijua, Daktari. Hatukukuletea maji uyapime. Tumekuletea uyaandike."

Akafungua bahasha ya kaki. Mlikuwa na nakala za barua tano walizoziandika kwa muda wa miaka mitatu: kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji wa kata, kwa halmashauri, na mbili kwa mamlaka za juu zaidi. Mbili zilikuwa na muhuri wa "IMEPOKELEWA". Hakuna hata moja iliyojibiwa. Zilikuwa zimeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili kilichonyooka, na nyuma ya ile ya mwisho kulikuwa na orodha ya majina zaidi ya sitini, baadhi yakiwa na alama ya dole gumba badala ya saini. Walikuwa wameandika siku na saa ambazo bomba la kiwanda kilicho jirani yao hufunguliwa, rangi ya maji, umbali kutoka bombani hadi pale wanawake wanapofulia, na watoto wangapi wamepata upele. Nimesahihisha ripoti za utafiti za wanafunzi wa shahada ya uzamili ambazo hazikuwa na uangalifu wa kiasi hicho.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Niliiandika kwa Kiingereza, nikataja vifungu viwili vya sheria, nikaweka "Dkt." mbele ya jina langu na cheo changu chini yake. Haikupita wiki ya pili, likaja jibu lenye kumbukumbu namba, na baada ya jibu likaja gari la ukaguzi.

Ndugu msomaji, nimeifikiria barua ile kuliko makala yoyote niliyowahi kuchapisha. Ndani yake hamkuwa na hoja hata moja ambayo haikuwamo katika barua zile tano. Sikuongeza ushahidi, nilipunguza, kwa kuwa saa na siku nilizifupisha kuwa "mara kwa mara". Kilichoongezeka ni tabaka la mwandishi. Na hilo ndilo ninalotaka kulijadili leo: kwamba katika mwambao wetu huu, kabla uchafu haujapimwa kwa kemia, hupimwa kwanza kwa hadhi ya anayeulalamikia.

Sheria yenyewe haibagui. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamfungulia mtu huyo mlango wa mahakama haki hiyo inapotishiwa. Kifungu cha 57 kinakinga ukanda wa meta 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na bahari. Sheria inasema "kila mtu". Haisemi "kila mwenye shahada". Lakini kati ya sheria na mtu kuna kaunta, na nyuma ya kaunta kuna karani, na karani anajua kwa kutazama karatasi tu ni barua gani ikikaa bila majibu itamletea matatizo na ni ipi haitamletea.

Ninayasema haya bila kujitenga nayo, kwa kuwa mimi ni mtoto wa upande wa pili wa kaunta hiyo. Nimekulia Igogo, katika nyumba iliyojengwa juu ya jiwe, na nimesomeshwa na mapanki.

Kwa msomaji aliye mbali na Kanda ya Ziwa, niseme kwamba panki ni kile kinachobaki kwa sangara baada ya kiwanda kuchukua minofu: kichwa, uti wa mgongo na mbavu, na nyama kidogo iliyoshikilia mfupa. Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katikati ya karne iliyopita; kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa, na miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaota Mwanza na Musoma kama vilivyoota Kisumu, Jinja na Entebbe. Mnofu ulipanda ndege kwenda Ulaya. Panki lilibaki kwetu. Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake waliopanga foleni alfajiri na mabeseni yao, akanunua, akakausha, akakaanga, akauza. Sare yangu ya shule ilinuka mafuta hayo, na nilijifunza mapema kukaa dawati la nyuma karibu na dirisha.

Mwishoni mwa mwaka 1997 na katika miezi ya mwanzo ya 1998, kipindupindu kilipozikumba nchi za ukanda huu, Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa ziwa letu. Mwaka 1999 ukaufunga tena, safari hii kwa sababu ya taarifa kwamba wapo wavuvi waliotumia sumu kuvulia. Nilikuwa kidato cha tatu. Nakumbuka wiki za kwanza za zuio lile kwa sababu ya jambo la ajabu lililotokea nyumbani: tulikula mnofu. Bei ya sangara ilianguka mialoni, na samaki mzima aliyekuwa wa wenzetu wa ng'ambo akawa wetu. Mdogo wangu aliuliza kama ni sikukuu. Lakini furaha ile haikudumu. Viwanda vilipunguza kazi, vibarua wakarudishwa majumbani, mapanki yakawa haba, na wateja wa mama, ambao nao waliishi kwa ujira wa viwanda vilevile, hawakuwa na fedha. Muhula huo nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada mara mbili.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoanza kulitazama tukio lile kwa jicho jingine. Mlaji wa Ulaya, asiyejua Igogo iko wapi, alikuwa na shaka juu ya usafi wa maji yaliyomgusa samaki wake. Na kwa shaka hiyo peke yake serikali za nchi tatu zikahangaika. Wakaguzi wakafunzwa, sampuli zikapimwa, mialo ikaanza kuwekewa sakafu na maji safi. Leo pale Nyegezi tuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki, na ni jambo la kujivunia. Sidharau kazi iliyofanyika. Iliokoa ajira za maelfu. Ninachosema ni kwamba ilituthibitishia jambo moja: uwezo wa kukisimamisha kiwanda hadi kiwe safi upo, na upo ndani ya nchi hii, na ukitakiwa kutumika hutumika haraka. Ila swali la usafi lilihusu kinachoingia kiwandani. Maji yanayogusa mnofu yalipata mkaguzi. Maji yanayotoka na kupita mlangoni kwa mama yule yalisubiri. Samaki alipata haki ya maji safi kabla ya mtu aliyemchuna.

Hali hiyo ya kuzungumziwa bila kuzungumza tuliiona tena miaka michache baadaye. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ilipoionyesha dunia mapanki yetu, Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani mwaka 2006, na taifa likaingia katika mjadala mkali: je, tumechafuliwa jina? Yapo mambo katika filamu ile yanayostahili kupingwa, na sina haja ya kuyarudia. Lakini katika ubishi wote ule, pande zote mbili zilibishania sura ya wanawake wa mapanki bila kuwauliza wanawake wenyewe wanataka nini. Mama yangu hakuwahi kuiona filamu hiyo. Nilipomsimulia, aliuliza swali moja tu: "Sasa hao wazungu wameona moshi wa makaango yetu, wameona na macho yetu yanavyouma?"

Mwanasosiolojia wa Ujerumani Ulrich Beck, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1986, alitoa hoja kwamba hatari za zama za viwanda huvuka mipaka ya matabaka, kwa maana hewa chafu haichagui tajiri na maskini. Ninaifundisha hoja hiyo kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wa Mwanza huipinga bila kuhitaji msaada wangu. Wananiambia nitazame Mto Mirongo. Unashuka kati ya vilima, unapita Mabatini ambako nyumba zimeegemeana juu ya mawe, unapokea kila kinachosukumwa na mvua, unakatiza katikati ya jiji, unamwagika ziwani. Si mbali kutoka hapo, kwenye rasi ya Capri Point yenye nyumba za bustani, kuna chanzo cha maji ambacho kwa miaka mingi kimelinywesha jiji. Ni kweli basi kwamba maji ni yaleyale. Lakini mwenye nyumba ya bustani huyapata yakiwa yametibiwa, yamefika kwa bomba, na hata hivyo anakunywa ya chupa. Kijana wa mwaloni huyateka kwa ndoo. Uchafu hauchagui, ni kweli; ila fedha humpa mtu nafasi ya kuukwepa, na umaskini humnyima nafasi hiyo.

Upo pia utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ambao watafiti wake walinunua sangara na sato katika soko hapa Mwanza, wakakuta vipande vya plastiki katika matumbo ya takriban samaki mmoja kati ya watano. Taarifa hiyo ilitushtua, na ilistahili. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza tarehe 1 Juni 2019 tuliipokea kwa moyo mweupe. Tangu hapo nimehudhuria kampeni nyingi za usafi wa fukwe: fulana mpya, glovu, kamera, hotuba, maji ya chupa za plastiki kwa waokota plastiki. Nimeziongoza baadhi mimi mwenyewe. Sizibezi. Lakini sisi wasomi tunapaswa kujiuliza kwa nini uanaharakati wetu unapenda sana taka zisizo na mwenyewe. Chupa iliyoelea ziwani haina meneja, haina wakili, haina rafiki katika halmashauri. Bomba linalotoka ukutani kwa kiwanda lina vyote hivyo. Kuokota chupa hakujawahi kumkosesha mtu kazi, wala kumpeleka polisi. Ndiyo maana tabaka la kati, yaani mimi na wewe, limechagua chupa, na kumwachia bomba yule asiye na kinga.

Na asiye na kinga akisema, hukutana na ukuta mwingine: utaalamu. Machi 2022 maji ya Mto Mara, unaomwaga ziwani karibu na Musoma, yalibadilika rangi, yakanuka, samaki wakafa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu, na kamati ikaeleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza bondeni. Wananchi wengi walicheka, wengine wakakasirika. Sina uwezo wa kuipinga kamati ile kwa kemia, na sitajaribu. Bonde lenye maelfu ya ng'ombe na mafunjo mengi linaweza kabisa kuyanyima maji hewa. Lakini watu wa bonde lile wana kumbukumbu. Mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka eneo la mgodi wa North Mara yalivuja hadi Mto Tigithe, na waliohangaika kuaminiwa wakati huo ni wanavijiji. Mtu aliyewahi kukaa na kidonda kisichosadikiwa hapokei haraka maelezo kwamba safari hii mkosaji ni ng'ombe wake mwenyewe. Tatizo si kwamba kamati ilikosea. Tatizo ni kwamba mvuvi wa Kirumi hakuwa na pa kukata rufaa: hana maabara ya pili, hana mtaalamu wa upande wake, hana lugha ya ripoti. Serikali ikisema kweli mbele ya mtu asiyeweza kuihakiki, hata hiyo kweli humfikia ikiwa na sura ya amri.

Nirudi kwenye barua yangu, maana sijamaliza kuisimulia, na sehemu iliyobaki ndiyo inayonisumbua.

Wakaguzi walikuja, wakachukua sampuli, na kiwanda kikaamriwa kusimamisha kazi hadi kirekebishe mabwawa yake ya majitaka. Siku ile nilipokea simu za pongezi. Mwenzangu mmoja aliniita sauti ya wasio na sauti, na nikiri kwamba maneno hayo yalinipendeza. Kiwanda kilifungwa kwa wiki saba.

Katika wiki ya tatu nilikwenda kuwasalimu wenzangu. Nilimkuta mama yule peke yake, mbele ya mtaro uliokuwa umekauka. Nikamwamkia: "Shikamoo, mama." Akaitikia, akanipa kigoda, akakaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba kijana mvuvi ameondoa jina lake katika orodha, kwa kuwa kaka yake ni kibarua wa kiwandani na nyumba nzima inamtegemea. Mzee wa nyumba kumi hapewi tena salamu msikitini na baadhi ya majirani. Yeye mwenyewe alikuwa akiuza uji na maandazi asubuhi kwenye lango la kiwanda. Lango likifungwa, sufuria halina mteja.

"Mwalimu," akasema, "maji yamekauka, Mungu akubariki. Lakini mwezi huu wewe umepokea mshahara?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua hesabu imekaaje. Nilisema ndiyo, nimepokea. Akatikisa kichwa, akabadilisha mazungumzo, akaniuliza habari za wanangu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kitanda hicho nilikilalia utotoni, nikadhani kunguni wake nitawakumbuka daima. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimesahau mwaka 1999, jinsi usafi ulioamriwa kutoka juu ulivyolipiwa na watu wa chini, na jinsi beseni la mama yangu lilivyokaa tupu ukutani. Niliandika barua iliyodai kiwanda kisimamishwe. Sikuandika hata mstari mmoja unaodai vibarua walipwe wakati kiwanda kinarekebisha kosa ambalo si lao. Wao ndio walioishi na uchafu, na wao ndio waliolipia usafi. Mwenye kiwanda alipoteza faida ya wiki saba. Mimi nilipata sifa.

Tabaka, basi, si suala la nani anasikilizwa peke yake. Ni suala pia la nani analipa baada ya kusikilizwa. Profesa Issa Shivji alitufundisha tangu miaka ya 1970 kuyatazama matabaka pale tulipodhani Azimio la Arusha limekwisha kuyafuta. Nadhani sisi tuliokuja baada yake tumekuwa hodari wa kuyaona matabaka viwandani na serikalini, tukasahau kuyaona ndani ya harakati zetu wenyewe: nani anaandika tamko, nani anakaa meza ya mbele, nani anapewa posho ya warsha, na nani anarudi mtaani kukabiliana na jirani aliyekosa kibarua.

Historia yetu ina mafundisho mawili ambayo natamani kila kijana mwanaharakati ayajue. La kwanza ni Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda mahakamani kuipinga halmashauri ya jiji iliyokuwa ikimwaga na kuchoma taka kati ya makazi yao. Ndiyo kesi ya Joseph Kessy na wenzake. Walishinda. Jiji likatafuta mahali pengine, likaelekea Kunduchi Mtongani, na huko nako Festo Balegele na wenzake 749 wakaenda mahakamani, na mwaka 1991 Mahakama Kuu ikawapa haki, ikikubali kwamba taka zile zilihatarisha haki yao ya kuishi. Ni ushindi mkubwa, na ninaufundisha kwa fahari. Lakini taka hazikutoweka. Zilikwenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu. Kila mtaa uliopata nguvu ya kusema hapana uliisukuma taka kwa mtaa ambao ulikuwa bado haujaipata nguvu hiyo. Ushindi wa mtaa mmoja mmoja huhamisha uchafu, hauumalizi.

La pili ni Owino Uhuru, Mombasa, kijiji cha mabati kilichojengewa jirani kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho. Mtoto wake aliugua, vipimo vikaonyesha risasi katika damu, naye akaacha kazi, akaanza kugonga milango ya majirani ili watoto wao pia wapimwe. Alikamatwa, alitishwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Goldman. Na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Watu huikumbuka tuzo. Mimi hukumbuka mambo mawili mengine: kwamba harakati ile ilianzia ndani ya lango la kiwanda, kwa mtu aliyekuwa na ajira ya kupoteza na akaipoteza, na kwamba madai yake hayakuishia kwenye kufunga, bali yalidai fidia kwa waliodhurika.

Tangu mazungumzo yale ya kwenye kigoda nimebadilisha mambo machache katika utendaji wangu. Si makubwa. Kwanza, siandiki tena barua badala ya watu. Barua inabaki yao, kwa Kiswahili chao, na saa zao na siku zao. Mimi naambatanisha ukurasa wa vifungu vya sheria na kutia saini chini yao, si juu yao. Kiswahili ni lugha ya sheria nchini tangu marekebisho ya mwaka 2021, na karani asiyeijibu barua kwa sababu imeandikwa kwa mkono hana pa kujifichia. Pili, kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005 zinataka muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nawatuma wanafunzi wangu wauombe muhtasari huo, wausome mtaani kwa sauti, na waandike maswali ya wananchi kama yalivyoulizwa. Tatu, hakuna dai la kusimamisha kiwanda litakalopita mikononi mwangu bila dai la ujira wa vibarua kwa siku za kusimama. Wapo wanaoniambia kwamba dai hilo halina kifungu. Huenda ni kweli. Haki nyingi tulizo nazo leo hazikuwa na kifungu hadi watu walipozidai.

Kuhusu mtaro ule, mabwawa yalirekebishwa, na kwa muda maji yalikuwa meupe. Msimu wa mvua uliofuata bomba lilifunguliwa tena usiku, mara moja moja. Mama yule anaandika saa na tarehe katika daftari la shule la mjukuu wake. Kijana mvuvi amerudi. Safari hii amekuja na kaka yake kibarua, ambaye anajua ni zamu gani hufungua bomba na kwa amri ya nani. Hilo ni jambo ambalo barua yangu ya Kiingereza isingelipata kamwe.

Wanafunzi wangu, nanyi wanaharakati mnaosoma hapa, msiende mtaani kuwa sauti ya mtu. Watu hawa wana sauti. Walichokosa ni wa kuwajibu. Nawe mtumishi wa umma, ambaye najua unasoma ukurasa huu wakati wa mapumziko ya mchana, huenda mezani pako kuna barua iliyoandikwa kwa mkono, yenye "YAH:" iliyopigiwa mstari kwa rula na orodha ya majina yenye madole gumba nyuma yake. Imeshapigwa muhuri. Kabla ya kurudi nyumbani leo, ijibu.